Nionyeshe Mahari

Kaseti mpya ilikuwa na harufu yake: plastiki iliyopigwa jua, wino wa jalada na uchachu kidogo kama wa siki. Harufu hiyo ilijaa nyumba yetu ya Kinangop likizo moja ya Agosti, nilipokuwa na miaka kumi, na Tata Wambui, dada mdogo wa baba, alipokuwa anajiandaa kuwa maarufu. Tata alikuwa ameambukizwa muziki wa kantri na redio. Alivaa kofia pana hata akikamua, na alitunga akiwa papo hapo kwenye kigoda, maziwa yakigonga ndoo badala ya ngoma. Nyimbo zake zote zilihusu kuondoka, na kwa kuwa Kinangop hatukuwa na farasi, wapenzi wake waliondoka kwa punda au kwa lori la maziwa. Yeye mwenyewe alikuwa anaondoka: bendi moja ya Nairobi ilikuwa imemwahidi nafasi kabla ya Krismasi, mradi kaseti yake ipendwe. Begi lake lilikaa mlangoni miezi yote hiyo, nasi tukajifunza kuliruka.

Mchapishaji wa majalada alitaka maneno ya nyimbo yaliyoandikwa vizuri. Tata aliniita mimi, kwa sababu nilikuwa wa kwanza darasani kwa insha na nilihakikisha hakuna mtu nyumbani anayesahau hilo. Wimbo mkuu ulikuwa ombi la mtu asiyetulia: nionyeshe mahali, niende nikatulie. Leo nina shahada ya isimu na ninaweza kukueleza kwa istilahi za kutisha kwa nini ulimi wa kwetu hauoni tofauti ya l na r. Wakati ule nilikuwa na peni nyekundu tu. Tata aliimba mahari, nikasikia mahari, nikaandika kwa herufi kubwa: NIONYESHE MAHARI.

Kaseti zilirudi kutoka kwa mchapishaji ndani ya katoni, zikinukia, na kufikia Septemba wimbo ulikuwa kila mahali. Kwa neno lile la jaladani, kilio cha mtu anayetafuta pa kwenda kilikuwa kimegeuka kuwa binti anayemwambia mchumba alete mbuzi ndipo amfuate. Maharusi waliupenda mno. Baba alikuwa akimwona Tata anapita na gita anamwita, "Mama Kofia! Na hao mbuzi wako wapi?" Naye anajibu, "Wanakuja na lori la maziwa, kaka." Kila Jumamosi palikuwa na sherehe mahali fulani, na kila sherehe ilimtaka Tata. Bendi ya Nairobi ikasema inatafuta mtu wa nyimbo za safari, si wa harusi. Krismasi ikapita, begi likahamia juu ya kabati. Januari mwalimu aliandika maneno mawili ubaoni, mahali na mahari, moja chini ya jingine, nikajua nilichokifanya. Sikumwambia mtu. Nilinyamaza karibu miaka arobaini.

Ijumaa iliyopita, baada ya ibada kwenye makanisa ya Mesaimeer, hapa Doha, wanakwaya walinizunguka kivulini. Mwenzao Nekesa, muuguzi, amechumbiwa, nao walitaka kumwimbia.

"Anti, wewe si wa Kinangop? Tuandikie ule wa mbuzi."

"Hakuna mbuzi kwenye ule wimbo."

"Anti, usituzungushe! Si ni wa mahari?"

Nilichukua karatasi, nikaandika NIONYESHE, nikaishia hapo. Nikasogea pembeni nikampigia Tata, ambaye bado anaimba harusini kila Jumamosi, na kofia yake.

"Tata, nina jambo la kuungama."

"Una mimba?"

"Tata, nakaribia hamsini."

"Basi sema, nina kuku jikoni."

Nikasema yote: peni nyekundu, ubao, Nairobi aliyoikosa kwa sababu yangu. Akacheka mpaka akakohoa. "Ile r? Niliiona kabla sijapeleka karatasi."

"Mbona hukuirekebisha?"

"Nairobi nilikuwa naiogopa, mtoto wangu. Wewe ukanipatia sababu." Kisha akauliza, kwa ulimi ule ule, "Na huko ulikoenda, umepata mahari?"

Nilijua anauliza neno gani. Nimehama nyumba tano tangu nifike Doha, ya mwisho iko Al Wakrah, na begi langu liko mlangoni. Huliruka asubuhi nikienda kazini, jioni hulizunguka. Tata aliimba kuhusu kuondoka akabaki akikamua. Mimi niliyemfungia njia ndiye niliyeondoka, na bado ninaondoka.

"Natafuta, Tata," nikamwambia.

Nikarudi kivulini nikawaandikia wanakwaya MAHARI, kwa herufi kubwa, safari hii nikijua. Walipoanza kuimba, Nekesa akijifunika uso kwa aibu ya furaha, mimi nilikuwa nimeshasimama, nikichungulia kama basi limefika.