Biriani ya Ndugu Ansbert

Ndugu Ansbert, jirani yetu wa Kinondoni, ni fundi mitambo katika kiwanda cha saruji cha Wazo. Mwaka 1969 alipelekwa Uingereza kusomea kazi, na kwa wiki tano alikula viazi vya kuchemsha mpaka suruali ikampwaya. Jumamosi moja akagundua mkahawa wa Kihindi karibu na bweni lake. Akaagiza sahani moja ya biriani, akanawa mikono, akakaa kama mfalme.

Kabla hajamega tonge, akamwona Mzungu wa meza ya pili anamtazama. Mtu aliyelelewa vizuri hali peke yake huku anatazamwa. Basi akamwambia kwa Kiingereza, "Karibu tule," akingojea lile jibu letu la "Ahsante, endelea." Mzungu akainuka na uma wake, akaketi, akala kwa bidii.

Mhudumu, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, akamnong'oneza kwa Kiswahili, "Bwana, huku ukimkaribisha mtu, anakuja."

"Nimeshaona," Ansbert akamjibu. "Na paja la kuku kachukua."

Nilipomuuliza kama alijuta, alinicheka. Sahani ilipokwisha, Mzungu aliagiza ya pili, akaisukuma katikati, akaomba afundishwe kula kwa mkono. Mhudumu naye akamega matonge mawili akiwa amesimama.

Sisi vijana tunahubiri ujamaa majukwaani mpaka sauti zinakauka. Ansbert aliupeleka Ulaya akiwa na njaa, akarudi bwenini ameshiba.