Marehemu Fermín Aagiza Mole

Doña Brígida Cuautle hajawahi kumfukuza mteja. Humuua tu, basi.

Mgahawa wake hapa Cholula ulifunguliwa na bibi yake kwa masufuria mawili na ulimi mkali. Masufuria yalishatoboka, ulimi ukarithiwa. Mole yao, ule mchuzi mweusi wa pilipili kavu na chokoleti unaomwagwa juu ya bata mzinga, hupikwa siku tatu, na harusi isiyo nayo hapa mjini huitwa kikao. Nasema haya mimi niliyekula pale miaka thelathini na minane, na tumbo langu ni shahidi anayeonekana kutoka mbali.

Kila mwisho wa Oktoba Brígida huandaa meza ya marehemu: mishumaa, maua ya njano, picha za wateja waliofariki, na mbele ya kila picha sahani ya chakula alichokipenda marehemu huyo. Mwaka jana kati ya picha hizo alikuwamo Fermín Tlatelpa, fundi viatu. Taabu ni kwamba Fermín alikuwa amesimama mlangoni, mzima, kofia mkononi.

Alikuja kuagiza mole ya harusi ya binti yake, mwisho wa Novemba. Mama wa bwana harusi alishasema: bila mole ya Brígida, mwanawe hakanyagi kanisani.

"Doña Brígida, picha yangu inafanya nini pale?"

"Inapumzika kwa amani."

"Lakini mimi ni mzima."

"Wiki tano sijakuona. Kwangu mtu wa wiki tano ameshazikwa."

Wote tuliokuwa mezani tulijua alikokuwa. Ng'ambo ya barabara kumefunguliwa mgahawa mpya wenye taa za rangi na mole ya kopo. Fermín alikuwa akila kule, tena dirishani, mjinga yule. Mimi nilikula kule mara nne, lakini nilikaa nyuma ya nguzo. Kilichoishia darasa la tano ni shule yangu, si akili.

"Nimekosa, Doña. Nipikie, binti yangu asiaibike."

"Wafu hawaagizi chakula, Don Fermín. Huletewa."

"Msamehe, dada yangu," nikadakia.

"Wewe nyamaza. Ile nguzo haifichi tumbo."

Nikavuta tumbo ndani.

Brígida akaitwaa sahani ya mole iliyokaa siku mbili mbele ya picha ya Fermín, akamwekea. Sisi hapa twajua: marehemu akija hula harufu na ladha, kinachobaki ni kama kutafuna gazeti.

"Onja. Ikiwa haina ladha, marehemu Fermín ameshakula, nami nisisumbuliwe. Ikiwa ina ladha, hajafa."

Mole ilikuwa baridi, imeganda kama ile dawa ya viatu anayopaka kila siku. Fermín akatafuna. Akatafuna tena. Machozi yakamlengalenga, koo likapanda na kushuka kama ndoo kisimani.

"Tamu," akasema. "Haijapata kuwa tamu hivi."

Brígida akaenda kuiondoa picha.

"Yu hai," akatutangazia. "Marehemu hawasemi uongo."

Akachomoa kalamu sikioni. "Wageni wangapi, Don Fermín?"

"Mia mbili."

"Na huyu wa nguzo? Nimhesabu na wageni, au nimtafutie picha?"

Nikaagiza sahani mbili papo hapo, nikakaa dirishani.