Kofia Zilizofuliwa

Fakhriya ana ulimi, na anayebisha hajawahi kuomba apunguziwe bei dukani kwake Kariakoo. Lakini mtajie kofia za marehemu baba yake, Mzee Habib, uone anavyolainika.

Mzee alikuwa akichora nakshi za kofia kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, kisha nakshi zinafuatwa kwa sindano. Aliacha sanduku zima: vipande vilivyokwisha, vilivyoshonwa nusu, na vyenye mistari mitupu. Wanaosomea kazi za mikono walikuwa wakija kuviulizia, wanaishia kuchungulia lile sanduku na kuaga. Jambo hilo lilimuuma Fakhriya. Akatenga chumba ghorofani, akavipanga mezani, kila kipande na kadi yake: “Kazi ya Habib.” Vya nusu alivitunza kama mboni ya jicho, maana ndivyo vilivyoonyesha nakshi inavyoanza.

Asubuhi aliyokuwa akimngoja Candida, mtafiti kutoka chuo kikuu, alipanda juu akakuta meza tupu. Vipande vyote vilikuwa kwenye kamba, vyeupe pe. Mama yake, Bi Badria, alikuwa amevisugua kwa sabuni na kuvitia wanga.

“Mama, umefanya nini?”

“Si una mgeni? Kofia haionyeshwi mtu na uchafu wa mkono.”

Hapo hakukosea. Kwetu kofia ikishashonwa hufuliwa ndipo ionekane. Ila maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalimwagika na penseli ya marehemu. Fakhriya alilia waziwazi.

“Umefuta kazi ya baba.”

Bi Badria aliendelea kunyoosha kipande kwa kiganja. “Baba yako alichora, Mungu amrehemu. Jasho nililolifua ni langu.”

Fakhriya akakitazama kipande kile, mshono kwa mshono. Amekua akimwona mama yake kainamia kitambaa huku wali uko jikoni, na siku zote alidhani kwamba mama anamsaidia baba tu. Aliona aibu.

Candida alipofika, alimwamkia Bi Badria, akaelezwa yaliyotokea. Alisikitika, hakuficha. Kisha akaokota kadi moja mezani. “Kwa hiyo Mzee Habib alikuwa akishona mwenyewe?”

“Hapana,” alisema Fakhriya. Akachukua kalamu, akamgeukia mama yake. “Mama, nionyeshe kofia ulizoshona wewe, niandike jina lako.”

Bi Badria aliitazama kamba, kutoka ukutani mpaka dirishani.

“Niulize ambayo sikushona,” alisema.