Yai Mlangoni Kwangu

Mimi nasomesha bayolojia, na wanaoogopa uchawi huwa nawacheka. Wiki iliyopita nilirudi nyumbani Michenzani nikakuta bakuli mlangoni. Ndani mna yai lisilo na ganda, limevimba, kiini kinaonekana kikitikisika.

Yai mlangoni kwa mtu, maana yake sote tunaijua. Niliwatafuta maadui zangu moyoni, nikakosa hata mmoja, ndipo nikaogopa zaidi.

Nikaita majirani. "Msiliguse," niliwaambia. Mzee wa ghorofa ya juu akaanza kuomba dua. Nikajificha mgongoni mwake nikiitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Bi Zuhura wa ghorofa ya chini akapanda ngazi kuangalia kuna nini.

"Bakuli hilo nimeliweka mimi, Mwalimu. Mwanangu Salma, mwanafunzi wako, ana homa, leo hakuja skuli. Kanambia umewapa kazi ya kuroweka yai kwenye siki mpaka ganda liyayuke, kisha walitie majini, waone utando unavyopitisha maji kama wa seli."

Dua ikakatika. Wote wakanigeukia.

"Limevimba vizuri," nikasema, bado nimeshikilia kanzu ya mzee.