Nilitumia data module moja kwa fremu zote, mama wa bwana harusi akakwama ndani ya gauni

Wakuu, nawasalimu mliopo kazini, na ninyi mnaojifanya mpo kazini.

Haya ninayoandika ni kweli. Aliyeaibika ni mimi mwenyewe, sasa nikitunga uongo nitapata faida gani? Nimeandika kwa siku tatu maana mkono wangu mzito. Atakayeona uzi mrefu asome nusu, apumzike, arudi.

Mimi ni kijana wa Mabawa, Tanga. Shule niliishia la saba. Kompyuta nimejifunza kwenye laptop ya mtumba iliyong'oka herufi mbili, na kwa kuwasumbua ninyi humu kwa jina la bandia, kwa sababu nina haya. Watu wakinitazama nikiongea naanza kukohoa. Siumwi. Nakohoa tu.

Shangazi yangu Fatu ana karakana ya ushonaji Makorora. Wanashona nguo za harusi. Vipimo vya wateja vilikuwa kwenye daftari lililolowa mafuta ya maandazi mpaka kurasa zinaonyeshana. Nikamwambia nitamtengenezea mfumo wa kwenye browser, kila fundi atumie simu yake.

Akakubali. Nadhani alikubali ili nitoke chumbani.

Sasa kwa wasio wa fani. Ukibonyeza jina la mteja, mfumo unaunda fremu palepale, yaani kipande cha ukurasa chenye jina lake juu na visanduku vya kifua, kiuno na nyonga. Si fremu ya duka, tulieni. Ukibonyeza mteja mwingine inaundwa fremu nyingine, kwenye tab ya pembeni.

Fremu yenyewe haina inachokijua. Anayekwenda kuchota na kuhifadhi vipimo kwenye database ni data module.

Chukulia fremu ni meza ya mgahawa na data module ni mhudumu. Mimi niliweka meza nyingi, mhudumu mmoja, na huyo mhudumu anakumbuka meza iliyofunguliwa mwisho tu.

Huko nyuma nilitengeneza programu ya kompyuta moja, mtumiaji mmoja, na data module moja ilitosha. Nikahamia web na akili ileile. Nikajaribu mfumo peke yangu kitandani. Nafungua mteja, najaza, nahifadhi, nafunga. Safi kabisa. Nikajipongeza kwa soda.

Nilichokuwa sijui ni jinsi dada Pili anavyopima.

Pili ndiye fundi anayepokea wateja. Wanawake wa harusi moja wakija pamoja, hamalizi mtu mmoja ndipo aende kwa mwingine. Anapima vifua vya wote, kisha viuno vya wote, kisha nyonga za wote. Anasema hivyo mkono haupotei.

Na hatamki namba. Mbele ya wakwe, kiuno cha mtu ni siri yake. Anapima, anabonyeza simu, anahamia kwa mwingine.

Basi siku hiyo walikuja wawili. Rehema, bibi harusi, ambaye ni jirani ya Pili, na Bi Mwanaidi, mama wa bwana harusi, kutoka Moa. Rehema ni mwembamba. Bi Mwanaidi, tuseme tu Mungu amemjalia.

Pili akafungua fremu ya Rehema, halafu ya Bi Mwanaidi. Kila mzunguko alianza na mama kwa heshima, akamalizia kwa Rehema.

Mhudumu wangu akapeleka kila kitu meza ya mwisho kufunguliwa. Kifua cha mama kikaandikwa kwa mama. Kifua cha Rehema kikaandikwa juu yake, kwa mama huyohuyo. Kiuno hivyohivyo. Nyonga hivyohivyo. Pili alikuta visanduku vya Rehema vina namba, akajua ni za zamani, akaandika juu yake.

Rehema alikuwa ameshonewa nguo hapo kabla, kwa hiyo vipimo vyake vya zamani vilibaki salama. Gauni lake likatoka zuri.

La mama likakatwa kwa mwili wa Rehema. Mkataji, fundi Rajabu, hakuwahi kumwona mteja. Yeye anasoma namba, anakata.

Alhamisi Bi Mwanaidi akaja kujaribisha, na mawifi zake wawili. Harusi ni Jumamosi. Kitambaa alikileta mwanawe kutoka Omani, kikatoka gauni na mtandio wake, na hakikubaki hata cha kushonea leso.

Akaingia nyuma ya pazia. Mara tukasikia, "Wifi! Njoo univute!"

Mawifi wakaingia wote wawili. Pazia likaanguka. Bi Mwanaidi alikuwa amesimama mikono juu, gauni limegoma mabegani, uso hauonekani.

"Vuta chini!"
"Haliendi, wifi."
"Basi vuta juu!"
"Na juu haliendi."

Walipomtoa, hakumtazama mtu mwingine ila Pili.

"Wewe ni wa upande wa kike. Umenifanya makusudi, nikae ukumbini kama muhogo uliofungwa kamba."

"Wallahi mama, nilikupima vizuri."

"Ulinipima mimi au ulimpima mbuzi?"

Wifi mkubwa akadakia, "Si tulisema? Jirani ya bibi harusi huyo. Na namba hakutaja hata moja, kumbe alikuwa na lake."

Shangazi akatoa simu yake, akatafuta jina la Bi Mwanaidi, akaona vipimo vya kisichana. Akamgeukia Pili.

"Uliandika wewe?"

"Niliandika mimi, bosi, lakini..."

"Weka tepu mezani. Nenda nyumbani. Mimi siwezi kugombanisha wakwe kwa ajili yako."

Pili ana miaka tisa kwenye ile karakana. Akavua tepu shingoni, akaiweka mezani taratibu, akaanza kutafuta viatu vyake mlangoni.

Mimi nilikuwa nyuma ya mashine ya ovaloki na laptop yangu. Kwenye skrini, kwenye kumbukumbu za mfumo, nilikuwa nimeshaona. Vipimo vya Rehema na vya mama viliingia kwenye rekodi moja, vikipishana sekunde chache.

Nikasema, "Ni mimi."

Hakuna aliyesikia. Nikakohoa. Nikasema tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa mpaka Rajabu akazima mashine.

"Shikamoo mama. Ni mimi. Si dada Pili."

"Marahaba. Wewe ndiye nani?"

"Ndiye niliyetengeneza hiyo ya kwenye simu."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyenipunguza?"

Nikajaribu kueleza fremu na data module. Wakuu, msijaribu kueleza data module mbele ya mtu aliyetoka kukwama ndani ya gauni.

Nikampa simu. Nikafungua Rehema, nikafungua na yeye pembeni. Nikamwambia, "Andika kiuno chako hapa kwenye jina lako." Akajikunja watu wasione, akaandika. "Sasa rudi kwa Rehema, andika ishirini na sita. Hifadhi. Sasa jitazame."

Akajitazama. Kiuno ishirini na sita.

Wifi mdogo akasema, "Hebu na mimi niandike humo, nipungue."

Wifi mkubwa akampokonya simu. Shangazi naye akasogea. Kwa dakika kumi karakana nzima ilikuwa inabadilishana viuno. Bi Mwanaidi alikuwa wa mwisho kucheka, lakini alicheka.

Halafu akamwita Pili pale mlangoni. "Mwanangu, vua hivyo viatu. Njoo unipime tena. Na huyu kijana ageuke ukutani."

Nikageuka ukutani.

Pili alifumua pembeni, akatia vipande alivyokata kwenye mtandio wa kitambaa kilekile. Jumamosi Bi Mwanaidi alivaa mtandio wa rangi nyingine na akasema ndiyo fasheni. Shangazi alimwomba Pili radhi mbele ya mafundi wote.

Kwa wa fani, kosa nililiondoa hivi. Kwanza niliipa kila sesheni, yaani kila simu iliyoingia kwenye mfumo, data module yake, nikadhani nimemaliza. Bado, kwa sababu Pili ni sesheni moja yenye fremu tano. Ikabidi kila fremu inapoundwa iunde data module yake na iimiliki, na visanduku viunganishwe nayo wakati huohuo, si kwa lile jina la jumla nililoliweka mwanzo. Fremu ikifungwa, inakwenda nayo.

Lakini hilo ni kosa la code, na code hurekebishika. Kosa langu lenyewe ni kwamba niliujaribu mfumo peke yangu kwa sababu naona haya kukaa na watu. Ningekaa karakana asubuhi moja tu nikamtazama Pili anavyofanya kazi, ningejua. Haya zangu nusura zimkoseshe mtu kazi.

Siku hizi nakaa pale kila asubuhi. Nakohoa, lakini nakaa.

Swali kwenu: Pili akizima simu bila kufunga fremu, zile data module zinabaki kwenye seva. Ninyi mnaziondoaje? Na kama nawe mfumo wako umewahi kumvua mtu nguo hadharani, sema hapa, nisiwe peke yangu.