Gari la Moshi la Keroka

Kipindi kile nilikuwa mtu wa kusimama. Nina duka la dawa Keroka, mkabala na mahali malori ya Kericho yanapoegeshwa, na nyuma ya kaunta kuna kiti kizuri ambacho nilikichagua mwenyewe. Sikuweza kukikalia. Nikikaa, goti la kulia linaanza kutikisika, kisha la kushoto, mpaka chupa za dawa ya kikohozi zinagongana kwenye rafu. Nilikuwa nahamisha dawa kutoka upande huu kwenda ule, kisha nazirudisha. Hakukuwa na jambo baya nyumbani. Watoto walikuwa shuleni, mama yangu mzima, biashara inakwenda. Mke wangu aliniambia nipime presha. Nikapima, ikawa sawa, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu sasa sikuwa na cha kulaumu.

Sisi ni watu wa Sabato, kwa hiyo Jumapili kwetu ni siku ya kazi, ila wateja ni wachache. Jumapili moja alasiri nilivuka hadi duka la jirani kutafuta koti la baridi. Mwenye duka huuza mitumba. Ni Mwislamu, amenizidi umri, amezaliwa hapa hapa Keroka ingawa watu bado humwuliza ametoka wapi. Babu yake alikuja na biashara ya nguo, akaoa kwetu, akabaki. Ekegusii chake ni kizuri kuliko cha wanangu. Sisi humwita Haji. Yeye huniita Daktari, na nimechoka kumkatalia.

Nilimkuta amefungua belo jipya la nguo. Katikati ya masweta alikuwa amepata koti jeusi lenye vifungo vya shaba, na kofia ngumu yenye ukingo unaong'aa mbele.

"Hili nani atavaa Keroka?" aliniuliza, huku akilivaa.

Mvua ya alasiri ikaanza kupiga bati, ile ya kwetu ambayo ikishaanza hakuna kutoka. Haji alijitazama kwenye kioo, akaivuta kofia chini kidogo, akageuka. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Tiketi."

Nikapapasa mfukoni. Hata sasa sijui kwa nini. Nikasema, "Iko na mke wangu. Yuko behewa la mbele."

"Behewa la mbele limekatwa Kebirigo, mzee. Mke wako amebaki."

Niliingiwa na wasiwasi wa kweli. Nikamwuliza gari linalofuata ni saa ngapi, akanijibu kwamba hakuna mpaka kesho, nikamsihi asimamishe, akakataa kwa adabu. Mvua ilipoisha, niligundua kwamba nimekaa kwenye rundo la mablanketi muda wote huo na magoti yangu yametulia.

Gusii hakuna reli, na haijawahi kuwepo. Kati yetu ni Haji peke yake aliyewahi kupanda gari la moshi, akiwa mdogo, alipopelekwa kwa shangazi yake Kisumu. Alichokumbuka ni harufu ya viti na mtu mwenye kofia.

Wa tatu wetu alijileta mwenyewe. Alikuwa mpimaji wa ardhi katika ofisi ya serikali, mpangaji wa chumba nyuma ya lile duka, mtu ambaye ungemsalimia asubuhi na akajibu kwa kichwa tu. Sisi tulimwita Sevea. Alikuja Jumapili iliyofuata kutafuta gambuti, akafungua pazia la stoo ya duka, tulikokuwa tumehamia, akanikuta nimejifunga leso kiunoni na kitambaa kichwani, nimekumbatia kikapu, namlalamikia Haji kwamba moshi unaingia dirishani. Nilikuwa bibi kizee anayekwenda Nyamira kumwona mjukuu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Sevea alitutazama mmoja mmoja. Kisha akauliza, "Nani anaendesha?"

Hatukuwa tumefikiria dereva.

Akavua koti lake la kazi, akalikunja vizuri, akaomba ovaroli. Akaokota miwani ya mtu wa kuchomelea vyuma, akaivaa. "Manga hatuwezi kupanda moja kwa moja," alisema. "Mwinuko ni mkali. Lazima tuzunguke." Kisha akaweka viganja mdomoni akapiga honi, ndefu, ya huzuni, inayopanda mwishoni. Sijui aliisikia wapi. Haji alishika ukingo wa meza kama mtu ambaye chini yake kitu kimeanza kwenda.

Basi Jumapili zikawa hizo. Ukishavaa, husemi habari za duka lako wala za nyumba yako. Hilo ndilo tuliloelewana bila kuandika. Nilikuwa baba wa bibi harusi aliyesahau zawadi. Nilikuwa padri. Nilikuwa mzungu wa majani chai, kwa suruali fupi na soksi ndefu. Lakini hakuna nguo iliyonipa raha kama ile leso ya yule bibi. Nikikunja mikono juu ya kikapu, mwili wangu wote ulijua la kufanya. Sevea, ambaye ofisini hawakumjua sauti, alikuwa akipiga kelele kuhusu makaa na maji. Wiki nzima nilikuwa naingojea Jumapili, na kungojea huko kukawa namna mpya ya kutotulia. Siku ya Alhamisi nilikuwa nikiwapa wateja dawa huku kichwani naamua nitashuka kituo gani.

Kisha mama mmoja aliyekuwa akitafuta sketi ya shule alisukuma pazia. Aliniona mimi na leso, Sevea na miwani, Haji amesimama juu ya kiti anapunga kitambaa cha kijani. Aliachia pazia akatoka bila sketi.

Kufika jioni sokoni walisema ni uchawi, na kwetu maneno ya aina hiyo si mzaha. Watu wameumizwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Kabla ya wiki kuisha, wateja wangu wawili wa kila siku walikuwa wananunua dawa kwingine, na mwanamke mmoja sokoni alimwondoa mtoto wake njiani nilipopita.

Mzee wa kanisa letu alikuja dukani, akanunua dawa ya maumivu ambayo nadhani hakuihitaji.

"Ndugu yangu," alisema, "nasikia mnajifungia, mnavaa nguo za kike, na mnaita vituo."

"Tunacheza, mzee."

"Mnacheza nini?"

"Gari la moshi."

Aliiweka dawa mfukoni polepole. "Na linakwenda wapi?"

"Nyamira."

"Matatu za Nyamira zipo," alisema. Hakuwa akinidhihaki. Alitaka kweli kuelewa.

Mke wangu naye aliuliza jioni hiyo, akiwa anachambua chinsaga, mboga zetu za kienyeji. Nikamweleza. Alichambua mpaka akamaliza sufuria nzima.

"Nilidhani una mwanamke," alisema.

"Hapana."

"Mwanamke ningejua la kusema."

Jumapili alikuja kuona. Haji alimwekea kiti karibu na dirisha ambalo halipo. Alijaribu. Haji alipomwuliza anakwenda wapi, alisema, "Nyumbani," kisha akacheka, akajifunika uso, akasema hawezi. Alipotoka aliniambia, "Sijaona ubaya. Lakini sijaona treni."

Ni yeye na yule mzee waliopata dawa ya maneno. Walisema tuonyeshe hadharani, siku ya vijana, kwenye uwanja wa kanisa, ili watu waone ni maigizo tu. Haji alikubali kuja ili kutuokoa sisi. Sevea alikataa, kisha akakubali kwa kichwa.

Tulisimama mbele ya watu mchana kweupe. Walianza kucheka kabla sijafunga leso. Simu ziliinuliwa juu. Haji alisema maneno yake kwa sauti kubwa, kama mtu anayetangaza bei. Ikafika zamu ya honi. Sevea aliweka viganja mdomoni, na haikutoka. Alijaribu tena, ikatoka pumzi tu. Chini ya leso magoti yangu yalianza kutetemeka, watu wakadhani ni sehemu ya bibi kizee, wakapiga makofi mpaka vumbi likapanda.

Uvumi uliisha siku hiyo hiyo. Wateja walirudi, wengine wakiniita "Bibi" kwa upendo. Na sisi hatukuweza tena. Jumapili iliyofuata tulikutana, tukavaa, tukakaa. Haji aliuliza tiketi, nami nikamsikia Haji, muuza mitumba, akiuliza tiketi. Sevea alivua miwani, akasema ana kazi ya kumalizia.

Nilirudi kusimama. Nilipaka rafu rangi, nikaibadilisha, nikaipaka tena. Jioni nilikuwa natembea barabara ya Kisii hadi giza linapoanza kuingia, malori yakinipita, kisha nageuka. Haji alitundika lile koti mbele ya duka pamoja na mengine, na kila nikipita nilitazama kama limeuzwa.

Sevea alihamishwa kwenda Ogembo. Hakuaga, tuliona tu chumba kina mpangaji mwingine. Ilikuwa miezi kadhaa baadaye aliponipigia simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Daktari, njooni Jumapili. Wewe na Haji."

Tulimkuta nyumba ya kupanga nyuma ya soko, migomba imefika dirishani. Alikuwa amevaa shati jeupe lenye tai ya kipepeo, nywele amezipaka mafuta. Kando yake alikaa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamume mnene mwenye haya, amevaa suti ya pinki na mkufu wa plastiki. Mezani kulikuwa na kikombe kilichogeuzwa juu chini.

"Nyamazeni," Sevea alitunong'onezea. "Tuko hewani."

Ilikuwa redio. Mwalimu alikuwa mwanamke anayesoma hali ya hewa ya miji isiyokuwepo, na aliisoma kwa masikitiko, kwamba upepo utakuwa mkali na watu wafunge mabati. Haji alivua viatu taratibu, akakaa chini. Mimi nilibaki mlangoni. Niliogopa kwamba nikijaribu nitaisikia tena sauti yangu mwenyewe, kama siku ile uwanjani.

Sevea alinisogezea kofia ya sufu, nyekundu, ya kitoto. "Tangazo lako limefika," alisema.

Nikaivaa. Ilinibana. Nikainama kwenye kikombe nikasema kwamba ng'ombe amepotea, wa rangi ya kijivu, mwenye pembe moja, na aliyemwona atoe habari kituo cha polisi kilicho karibu. 

Haji akainua mkono kutoka sakafuni.

"Ana pembe mbili," alisema. "Mimi ndiye mwenyewe."

"Tulivyoarifiwa ni moja," nikamjibu.

Tulibishana hewani mpaka mwalimu akaingilia kati na habari za mvua.