Ndege Wawili Weusi wa Sake

Miaka michache baada ya uhuru, mimi na dada yangu mkubwa tulizoea kushuka kutoka Mushaki na vikapu vya maharagwe kwenda kuuza sokoni Sake. Siku moja tulimaliza mapema, tukaenda ziwani kunawa miguu. Karibu na matete ndege wawili weusi walikuwa wakiogelea, miili imezama, shingo tu zinaonekana.

"Ule iko bwana, na ule iko bibi yake," dada akasema.

"Hapana, dada. Ni ndege mbili tofauti. Angalia shingo ya ule, nyembamba kama nyoka."

"Si bibi njo anakuwa na shingo nyembamba? Angalia mimi!" Akainua kidevu, nikacheka hadi nikakaa chini.

Hatukukubaliana, basi tukasubiri ndege wavue samaki, tuone kama wanavua namna moja. Mwenye shingo ya nyoka akazama, akaibuka na samaki aliyechomwa ubavuni kwa mdomo ulionyooka kama sindano. Akamrusha juu, akamdaka, akammeza kuanzia kichwani. Mwenzake alipoibuka, samaki wake hakuwa amechomwa bali amebanwa, na ncha ya mdomo ilikuwa imepinda kama ndoano.

Dada akapiga vigelegele mpaka wavuvi waliokuwa karibu wakageuka. "Kumbe! Hawa hawajaoana!"

Tangu hapo kila siku ya soko tulishindana kuwatambua tukiwa bado barabarani. Dada alinishinda mara nyingi, maana macho yake yalikuwa makali. Tulibishana na kucheka njia nzima, hata mlima wa kurudi Mushaki hatukuusikia.